Mguu wa Kushikia Gogo

Temeke, 10 Februari 1974

Dada Eufrazia,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na mjomba Ansbert mpe mbili, maana moja huwa anaona haijamtosha. Shemeji hajambo? Mie huku mzima wa kichwa, mzima wa tumbo, mzima wa mikono. Umeona nilipoishia. Chini ya hapo ndipo penye maneno.

Kifundo cha mguu wa kulia kimeharibika. Mama usimwambie bado. Sie wa Temeke tulicheza na vijana wa Tandale, mpira ukaja juu, nikaruka, dada, watu wanasema hawajaonaga Mmakonde akiruka vile, nikapiga kichwa, goli, nikatua vibaya. Kifundo kikavimba kama papai. Hiyo ni kabla ya Krismasi. Uvimbe ukapungua, maumivu yakabaki, halafu kikaanza kituko kingine: nikitembea, mara kinanasa. Kama mlango uliochomekewa kijiti kwenye bawaba. Nakitikisa, kinaachia, nasonga mbele.

Mzee mmoja wa Kizaramo alinichua kwa mafuta mpaka nikaimba nyimbo ambazo sijui nilizijulia wapi. Haikusaidia. Nikaenda hospitali, nikampata Daktari Revelian, mtu wa Bukoba, kijana bado, na anapenda kuulizwa. Akapiga picha ya eksirei, akaiinua dirishani.

"Unaona huu mfupa wenye mgongo wa mviringo? Na hii mifupa ya juu ilivyoukumbatia?"

Nikasema naona, ni mchi na kinu, ila aliyeviweka kavigeuza, kinu kiko juu. Akacheka, akauliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia la tano na nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniingia zaidi.

Basi pembeni ya ule mgongo pamebanduka kipande cha mfupa pamoja na utando wake mgumu, unaitwa gegedu. Kipande kinazurura humo ndani kama mlevi. Ndicho kinachonasa.

Sasa wewe unajua sie wachongaji hatuna meza. Gogo liko chini, nyayo mbili zinalibana, mguu wa kulia unaligeuza, mkono unapiga. Mguu ndio fundi, mkono kibarua wake. Huu ukifa, nitakula nini mjini hapa? Lakini usiogope. Hauumi hata chembe.

Ni mie mfungaji wa goli,
Albano


Kijijini, 5 Machi 1974

Mdogo wangu Albano,

Marahaba. Mama amepokea shikamoo yake, mjomba amepokea mbili na kuuliza ya tatu iko wapi. Mahindi yameshika, nguruwe pori nao wameshika mahindi. Ndiyo hali yetu.

Gregori, mchongaji mwenzako, alikuja kwenye msiba wa bibi yake. Tukamkaribisha uji, nikamuuliza lile goli lilikuwaje. Akaniuliza, "Goli gani, dada?" Albano! Ulikuwa umekaa juu ya lori la magogo likitoka Kisarawe, ukamwona Rosalia wa maandazi amesimama njiani, ukaruka lori halijasimama. Hakuna Tandale, hakuna kichwa. Gregori anasema maandazi ndiyo yaliyopigwa kichwa, sinia zima.

Mama alikuwa mlangoni akasikia yote. Kwa hiyo la kumficha limekwisha.

Nimecheka, lakini nimebaki na maswali. Hilo gegedu likoje? Nimekishika kifundo changu nikakizungusha kulia na kushoto, sisikii kitu. Na kwa nini lisirudi lenyewe? Mie nikijikata na jembe ngozi inarudi, mfupa wa mkono wa mama ulivunjika ukaunga. Hili lina ubishi gani? Muulize daktari wako, halafu uniandikie ukweli, usiniletee mpira.

Na jambo atakalokuambia, lifuate kama lilivyo. Usilichonge.

Dada yako,
Eufrazia


Temeke, 22 Aprili 1974

Dada,

Shikamoo. Mama shikamoo, na mjomba mpe ya tatu tumalizane. Shemeji mbona humtaji? Mvua huku inanyesha mpaka vyura wanaomba msaada.

Huyo Rosalia simjui. Lori, sawa, malori Dar yako mengi.

Ulivyouliza habari ya gegedu, nikaona nitafute mwenyewe kabla ya kumsumbua mtu wa watu. Nilikwenda kwa Mwanabaraka, anauza supu ya kongoro pale sokoni, nikamwomba mguu mmoja wa ng'ombe kabla haujaingia sufuriani, nikaupasua kiungo kwa patasi yangu. Dada, mle ndani mnang'aa! Kweupe kama yai lililomenywa, ukipitisha ukucha unateleza. Mie nimepiga msasa mpingo mpaka Wazungu wanachania nywele humo, sijafikia ulaini ule. Nikachimba kutafuta damu. Hakuna hata tone. Nilipozidi kuchimba, Mwanabaraka akanijia na upawa.

"Unampekua ng'ombe wangu kama polisi! Wewe kunywa, gegedu linarudi kwa supu!"

Nikampelekea daktari neno hilo. Akasema supu ya kongoro ni dawa nzuri sana ya njaa.

Jibu lako ni hili. Ngozi ina damu, mfupa una damu, ndiyo maana vinarudi. Gegedu halina, kwa hiyo likivunjika hakuna wa kulijengea. Sasa ujanja wa daktari ni kwenda kuiomba damu kwenye mfupa ulio chini yake. Anatoa kipande kinachozurura, anasafisha kingo za shimo, halafu anatoboa vitundu mfupani. Damu inapanda, inaganda, na polepole ile iliyoganda inageuka kitu kama gegedu. "Kama," alisema, "si lenyewe. Ni kiraka."

Na amekwisha kunifanyia! Walinichoma sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni nikawa gogo. Wakaweka pazia nisione, ila masikio hawakuyafunika. Nikasikia kekee. Mlio ule naujua tangu sijaota ndevu.

Nikauliza, "Daktari, hiyo ncha ya ngapi?"

Nesi akaanza kuguna kwa kicheko.

"Milimita mbili. Nyamaza."

"Usiisukume sana, mti mgumu hukata ncha."

"Asante, fundi," akasema. Aliniita fundi, dada, mbele ya watu waliosoma!

Sasa nimefungwa plasta toka vidoleni mpaka chini ya goti. Amri ni moja: mguu huu usiukanyage mpaka wao waufungue. Na mie sikanyagi. Natembea kwa magongo, nikifika nakaa chini siku nzima. Hapo ndipo utajua ndugu yako ana akili: plasta ni ngumu kuliko unyayo wowote! Gogo nikiliegemeza pale halitikisiki. Tangu nitoke hospitali nimemaliza vinyago viwili, na sasa nina ujamaa wa watu wamepandana mpaka juu, kila mmoja kambeba mwenzake. Wenzangu wanasema na wao watavunja miguu wafungwe plasta.

Hauumi hata kidogo.

Fundi Albano


Temeke, 9 Juni 1974

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Mama yuko salama? Shemeji je? Watu wanasema huko kusini wanahamishwa, vijiji vinapangwa upya. Ni kweli na kwenu?

Mie mzima. Ule ujamaa nimeupumzisha kidogo, si kwa sababu yoyote. Plasta imeingia mabonde ya gogo, wanasema ni pambo.

Muulize mjomba kama anajua dawa ya joto la ndani ya mfupa, linalokuja mtu akilala. Si langu. Kuna jamaa yangu mmoja.

Albano


Kijiji kipya, 30 Juni 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako mbili nimezipata siku moja. Zilikwenda kule tulikokuwa, zikakuta hakuna watu, zikarudi posta Newala zikalala. Ndiyo, tumehamishwa. Nyumba ina kuta, paa linakuja. Mikorosho imebaki kule. Mama anaweka kigoda nje anatazama njia tuliyojia. Habari hiyo inatosha.

Nimeisoma barua yako ya Aprili mara mbili nikicheka. Mara ya tatu nikaacha.

Albano, gogo unalibana na nini? Na nyundo ikipiga patasi, patasi ikapiga gogo, gogo linapiga nini? Si unyayo? Na unyayo si umekaa juu ya kifundo? Daktari kakwambia usikanyage kwa kuwa hataki ile damu iliyoganda ipondwe. Mtu akitembea anaiponda kwa uzito wake. Wewe unaiponda kwa nyundo, asubuhi mpaka jioni, halafu unajisifu hujasimama.

Daktari wako mtu wa Bukoba. Fundi wa kwao sijui anakaaje, lakini wa kwetu hajamwona. Alipokuambia usikanyage alidhani amemaliza maneno yote. Je, ulimwambia jinsi tunavyokaa? Najua hukumwambia, maana hata mie usingeniambia kama si kutaka kujitapa.

Yule jamaa yako mwenye joto la mfupa, mwambie aende hospitali leo, asimalize hata kusoma.

Eufrazia


Temeke, 18 Agosti 1974

Dada,

Shikamoo wewe, shikamoo mama, mjomba mpe zote zilizobaki. Shemeji pia salamu.

Jamaa yangu alikwenda. Alikwenda na barua yako mfukoni, akampa daktari aisome, maana mdomo wake siku hiyo ulikuwa mzito.

Daktari Revelian aliisoma akasimama. Akaisoma tena. Akasema, "Jumapili nakuja kwenu."

Nilidhani utani. Jumapili baada ya misa nikamwona anavuka Barabara ya Pugu, anashuka kwenye kiwanja chetu cha kuchongea na viatu vyake vya kung'aa, anakanyaga maganda ya mpingo. Akasema, "Nionyeshe unavyokaa." Gregori akakaa badala yangu, akabana gogo. Daktari akazunguka kama anayenunua ng'ombe. Halafu akavua viatu, akavua soksi, akakaa chini yeye mwenyewe, akajaribu kubana. Gogo likamponyoka, akaanguka ubavu. Kiwanja kizima kikalia kwa kicheko, mzee mmoja akamwambia, "Dokta, rudi kwenye kiti!"

Naye alicheka. Kisha akaweka kiganja chake katikati ya unyayo wa Gregori na gogo.

"Piga."

Gregori akapiga. Daktari akautoa mkono akautazama, kama vile umeandikwa kitu. Hakucheka tena.

"Umekuwa ukifanya hivi tangu Aprili?"

"Nilikuwa nimekaa, daktari. Ulikataza kusimama."

"Nilikataza. Ndiyo," akasema. Akavaa soksi zake polepole.

Picha mpya inaonyesha shimo liko wazi. Kiraka hakijashika. Amenipa njia mbili, nami nakuandikia bila chumvi.

Ya kwanza: aunganishe mfupa wa juu na wa chini uwe mmoja. Maumivu yataisha. Mfupa mmoja unavumilia nyundo, nitarudi kwenye mpingo. Lakini kifundo hakitapinda tena maisha yangu, nitatembea kama niliyevaa buti la mbao, na gogo nitalibana tu, kuligeuza kwa mguu ndiyo basi.

Ya pili: atoboe tena, na safari hii niulaze mguu kweli. Kikishika, kifundo kitapinda. Ila hata kikishika, kiraka ni kiraka. Mpingo na nyundo hakitaviweza.

Sasa mie bila mpingo ni nani mjini hapa? Gregori anasema unganisha, wote kiwanjani wanasema unganisha. Daktari hasemi. Anasema mguu ni wangu.

Unauma, dada. Umekuwa ukiuma wakati wote. Wewe ungechagua nini?

Albano


Kijiji kipya, 2 Oktoba 1974

Albano mdogo wangu,

Marahaba. Paa limekuja. Mama ameanza kupanda mihogo nyuma ya nyumba, anailaani ardhi huku anaipanda. Shemeji yako umemuuliza kila barua. Usimuulize tena.

Mie sijaona ndani ya kifundo, nimeona jembe tu. Lakini nimelifikiria swali lako wakati wa kupalilia, na hivi ndivyo linavyonijia. Mfupa ukiunganishwa, ukajuta, daktari anaweza kuutenganisha? Najua jibu, umeliandika mwenyewe. Ukitobolewa, ukashindwa, anaweza kuuunganisha baadaye? Nadhani anaweza. Basi moja ni mlango, nyingine ni ukuta. Mwaka huu nimejifunza kwamba kuna vitu vinafanywa siku moja na lori moja, na hakuna lori la kuvirudisha.

Hao wanaosema unganisha wanaufikiria mpingo. Mie namfikiria mtu aliyeushika.

Utakula nini? Sijui. Uliza daktari ni mti gani kiraka kitauweza. Mpingo si mti pekee ambao Mungu aliumba, ni ule tu ambao Wazungu wanaujua.

Ukichagua njia ya pili, daktari amwambie nesi akufunge plasta mpaka pajani. Nakujua.

Eufrazia


Temeke, 15 Juni 1975

Dada Eufrazia,

Shikamoo. Mama shikamoo, na mihogo yake nayo shikamoo, maana Gregori anasema imekuwa mirefu kuliko nyumba. Kuna mtu mmoja siulizi habari zake. Umeona ninavyotii?

Najua nilikuwa kimya. Mtu asiyechonga ana nini cha kuandika?

Nilichagua kutobolewa. Daktari alipofika kwenye neno lako la plasta ya paja aliipiga meza kwa kicheko, akasema, "Dada yako aje tumwajiri." Akanifunga mpaka huku juu, nikawa kama mlingoti umelala. Gogo ningelifikia kwa ndoto tu. Miezi yote ile niliwanolea wenzangu patasi, nikawapigia msasa vinyago vyao, nikamenyea Mwanabaraka viazi. Rosalia, ambaye simjui, aliniletea maandazi akayaweka mbali kidogo ili nisiyaangukie.

Plasta ilipofunguliwa mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Daktari akaushika, akaupinda. Ukaenda. Akaupinda juu zaidi.

"Unauma?"

"Hau—" nikaanza. Akanitazama. "Unauma ukifika hapo juu. Chini yake hauumi."

Akaupinda tena pale pale niliposema, akakubali kwa kichwa. Halafu akaniwekea picha dirishani. Lile shimo limejaa, dada. Kingo zake zina mawimbi, si laini kama la ng'ombe wa Mwanabaraka, lakini limejaa. Niliiangalia picha ile muda mrefu mpaka mgonjwa wa nyuma yangu akanisonya. Mwili wangu umeshona kitu ambacho haukuwahi kufundishwa, tena gizani, na mie sikuusaidia hata kidogo.

Nikauliza swali lako, ni mti gani. Akasema mpingo marufuku, nyundo marufuku. Mti laini, ule ambao patasi inaingia kwa kusukumwa na mkono, huo mguu wangu utaubana bila taabu. Nikatoka hapo mnyonge. Mjini hapa nani ananunua mti mweupe mwepesi? Mtalii anataka cheusi na kizito kimvunjie begi lake.

Nikakaa na unyonge wangu mpaka baada ya Pasaka, ndipo mjomba Ansbert akatuma mtu. Hakutuma barua, alituma mtu, mzee wa makamo, akanikuta kiwanjani akaniita pembeni. Wazee wa huko walisikia kwamba siruhusiwi mti mgumu. Huko kwenu, tangu mhamishwe, vitu fulani vya kuvaa usoni ngomani viliachwa kwenye makazi ya zamani na mchwa wakavila, na wazee waliokuwa wakivichonga mikono inatetemeka, na vijana wote wanaojua patasi wako Dar wanawachongea Wazungu. Na mwaka huu wavulana wanaingia jandoni. Vitu hivyo havichongwi kwa mpingo. Vinataka mti mwepesi.

Wewe umezaliwa Umakondeni, kwa hiyo hapa nanyamaza, na wewe unanyamaza.

Nitakueleza ya mguu tu. Nakwenda Pugu, ndani ya msitu, mbali na macho ya akina mama, na huyo mzee. Siku ya kwanza nilikaa, nikaweka mti katikati ya nyayo, nikaogopa kuubana. Mzee akasema, "Unasubiri ukubusu?" Nikabana. Nikasukuma patasi, mti ukaingilika kama sabuni, na mguu wa kulia ukaugeuza kabla sijauambia. Ulijua wenyewe upande gani. Nikaacha patasi nikakaa tu. Mzee akadhani nimeumia.

Unanijua, dada. Mie nikichonga mwiko habari inafika Mikocheni. Hii ni kazi bora kuliko zote zilizowahi kupita kwenye mguu wangu na mkono wangu, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayetaka kumtambia, na wewe, kwa kuwa ni mwanamke, ndiye nisiyeruhusiwa.

Itafika huko kabla ya ngoma za mwezi wa nane, ndani ya gunia. Mtaambiwa ni mfu ametoka kaburini. Utapiga mayowe na kukimbia na wenzako, kama inavyotakiwa. Kimbia, dada, usiniaibishe. Ila ukimbie polepole, na ugeuke mara moja umtazame usoni.

Mdogo wako,
Albano